Ng'ombe wa Ankole: asili, sifa na hatima ya pembe ndefu za Uganda

Kwenye sarafu ya shilingi 100 ya Uganda pamechorwa kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Sarafu hiyo hupita mikononi mwa wauzaji na wanunuzi wa soko la Kamwokya, jijini Kampala, bila wengi kuitazama mara mbili. Mwendo mfupi kutoka sokoni hapo, kando ya Barabara ya Kira, Jumba la Makumbusho la Uganda limehifadhi vyombo vya mti na vibuyu vya aina ile ambayo kwa vizazi vingi ilipokea maziwa ya ng'ombe huyo. Na katika maduka ya mtaa huohuo huuzwa maziwa ambayo mengi yamesafirishwa kutoka kusini magharibi mwa nchi, eneo linaloongoza kwa uzalishaji wa maziwa nchini.

Sarafu na vyombo vya makumbusho vinamtukuza ng'ombe wa Ankole. Maziwa ya dukani ndiyo yanayomsukuma kando, kwa kuwa mengi yanatoka kwa ng'ombe wa kigeni na machotara waliochukua nafasi yake malishoni. Makala hii inaeleza ng'ombe huyo ni wa aina gani, ametoka wapi, na kwa nini wataalamu wa mifugo wanaona kwamba kumpoteza kungekuwa hasara isiyoweza kufidiwa kwa maziwa mengi.

Ng'ombe wa aina gani

Ng'ombe wa Ankole ni wa kundi linaloitwa sanga, neno ambalo asili yake ni lugha za Ethiopia. Sanga ni ng'ombe wa Kiafrika waliotokana na mchanganyiko wa zamani wa jamii mbili: ng'ombe wasio na nundu, na ng'ombe wenye nundu kubwa wanaoitwa zebu. Alama ya mchanganyiko huo huonekana mgongoni. Ng'ombe wa Ankole ana nundu ndogo iliyokaa mbele, karibu na shingo, tofauti na nundu iliyosimama juu ya mabega ya zebu. Katika kundi la sanga wamo pia ng'ombe wa Nguni na wa Afrikaner wa Afrika Kusini, na wa Tuli na wa Mashona wa Zimbabwe. Hata hivyo, kwa ukubwa wa pembe hakuna miongoni mwao anayemfikia ndugu yao wa Maziwa Makuu.

Makazi yake ni nyanda za juu zinazozunguka Maziwa Makuu: kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi, mkoa wa Kagera nchini Tanzania na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina la Ankole limetokana na eneo la ufalme wa Nkore, ambalo utawala wa Waingereza ulilipanua na kuliita Ankole. Nje ya Afrika anajulikana zaidi kwa jina la Ankole-Watusi, linalounganisha eneo hilo na Watutsi wa Rwanda na Burundi. Nchini Uganda wafugaji wake mashuhuri ni Wahima.

Mwili wake ni wa wastani, miguu mirefu na imara, kwato ngumu, na manyoya mafupi yanayong'aa. Rangi ni nyingi: nyekundu iliyokolea, kahawia, nyeusi, nyeupe, na mabaka ya kila namna. Ndama huzaliwa mdogo, jambo linalomrahisishia mama kuzaa bila msaada wa binadamu. Jike hutoa maziwa machache, mara nyingi lita mbili au tatu kwa siku baada ya ndama kupata fungu lake, lakini maziwa hayo ni mazito na yana mafuta mengi. Nyama yake husifiwa kwa kuwa na mafuta machache.

Siri ya pembe

Pembe ndizo zinazomtambulisha kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mifugo. Huanza kwa shina nene, hupanuka kwenda pembeni, kisha hupinda juu kwa umbo la kinubi au la mwezi mchanga, na kwa baadhi ya ng'ombe umbali kati ya ncha moja na nyingine hupita mita mbili. Unene pia ni wa kustaajabisha. Maksai mmoja wa jamii hii aliyeishi jimboni Arkansas, nchini Marekani, aliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness mwaka 2003 baada ya mzunguko wa shina la pembe yake kupimwa na kufikia sentimita 95.25.

Pembe hizo si nzito kama zinavyoonekana. Chini ya ala ngumu ya nje kuna mfupa wenye matundumatundu kama sega la asali, na ndani yake hupita mishipa mingi ya damu. Wataalamu wanaeleza kwamba damu ya moto inapopanda kwenye pembe hupoteza joto hewani, kisha hurudi mwilini ikiwa imepoa. Kwa mnyama anayeshinda juani katika nyika yenye miti michache, pembe pana ni kama kipoza joto alichojaliwa na maumbile. Ni silaha pia, dhidi ya fisi na wanyama wengine wakali.

Maumbile, hata hivyo, hayakufanya kazi peke yake. Kwa karne nyingi wafugaji waliwachagua mafahali wa kupanda kwa kutazama umbo la pembe, rangi ya ngozi na historia ya mama zao. Pembe nyeupe, zilizolingana pande zote mbili, zilihesabiwa kuwa uzuri. Kwa hiyo ng'ombe anayeonekana leo ni zao la mazingira na la macho ya binadamu aliyejua anachokitafuta.

Ustahimilivu na mipaka yake

Sifa inayothaminiwa zaidi na wataalamu haionekani kwa macho. Ng'ombe wa Ankole huishi kwa majani makavu na machache ambayo ng'ombe wa kigeni angekonda nayo. Hutembea masafa marefu kutafuta maji bila kuanguka njiani. Huvumilia kiu na joto, na mwili wake hupungua wakati wa kiangazi kisha hurudi haraka mvua zinaponyesha.

Katika magonjwa, hadithi yake inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Adui mkubwa wa mifugo katika ukanda huu ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na ambao nchini Uganda unajulikana kwa jina la amakebe. Ng'ombe wa Ankole si kwamba hawaupati. Ndama wao huumwa na kupe wakiwa bado wadogo, baadhi hufa, na wanaopona hubaki na kinga. Kwa njia hiyo kundi zima hujenga mazoea na ugonjwa huo kizazi baada ya kizazi. Ng'ombe wa kigeni aliyeletwa akiwa mkubwa hana mazoea hayo. Anahitaji kuogeshwa dawa ya kupe mara kwa mara, na akikosa dawa kwa muda mfupi tu anaweza kufa. Tatizo hilo limekuwa zito zaidi kwa sababu katika maeneo kadhaa ya kusini magharibi mwa Uganda kupe wamekuwa sugu dhidi ya dawa zinazotumika.

Mahali ambapo ng'ombe wa Ankole hana ngao ni kwenye ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o. Katika hilo anashindwa na ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao wana uwezo wa kuzaliwa nao wa kuuhimili. Ndiyo maana wafugaji wa zamani waliyakwepa mapori yenye mbung'o na kufuata nyika zilizo wazi.

Kutoka bonde la Nile

Swali la asili ya ng'ombe hawa limechunguzwa kwa njia tatu: michoro ya kale, uchimbaji wa mabaki, na vinasaba.

Michoro ndiyo shahidi wa kwanza. Kwenye miamba ya Sahara, kama ile ya Tassili n'Ajjer nchini Algeria, wamechorwa makundi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, kazi ya wafugaji walioishi huko kabla jangwa halijakauka kabisa. Kwenye kuta za makaburi ya Misri ya kale wamo ng'ombe wa namna hiyo, wasio na nundu. Baadaye, kuanzia takriban miaka 3,500 iliyopita, michoro ya Misri inaanza kuonyesha ng'ombe wenye nundu, waliokuwa na asili ya Asia ya Kusini.

Vinasaba vimeongeza maelezo ambayo michoro haikuweza kuyatoa. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo ndama huipata kwa mama pekee, na kwa karibu ng'ombe wote wa Afrika sehemu hiyo ni ya ng'ombe wasio na nundu. Damu ya zebu iliingia hasa kupitia kwa mafahali. Maana yake ni kwamba wafugaji wa Afrika hawakuyaacha makundi yao na kuchukua mapya. Walibaki na majike wao wa asili, wakawapandisha kwa mafahali waliofika kwa njia ya biashara na uhamiaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Genetics, uliochambua vinasaba vya ng'ombe 172 wa makundi makuu ya bara hili, ulionyesha kwamba wimbi kubwa la mchanganyiko katika Pembe ya Afrika lilitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Mchanganyiko huo, kwa maelezo ya watafiti, ulimpa ng'ombe wa Afrika uvumilivu wa joto na ukame kutoka kwa zebu, pamoja na mazoea ya magonjwa ya Afrika kutoka kwa ng'ombe waliotangulia.

Kwa hiyo ng'ombe wa Ankole mwenyewe ni chotara, ila chotara wa zamani mno, ambaye karne nyingi zilimpa nafasi ya kuchujwa na nchi anayoishi. Machotara wa leo hawajapata nafasi hiyo.

Ntusi na Bigo

Ndani ya Uganda, ushahidi wa kale wa ufugaji mkubwa upo katika wilaya ya Sembabule. Huko Ntusi, wanaakiolojia wamefukua vichuguu vya takataka za makazi ya watu walioishi kuanzia takriban karne ya 11 hadi ya 15. Ndani yake mlikuwa na mifupa mingi ya ng'ombe, mingi ikiwa ya wanyama wachanga, ishara ya jamii iliyokuwa na mifugo ya kutosha kiasi cha kuchinja ndama. Si mbali na hapo, kando ya mto Katonga, yapo mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, ambayo urefu wake kwa jumla unapita kilomita 10. Simulizi za wenyeji huyahusisha mahandaki hayo na Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa pia kuwa ndio walioleta ng'ombe wa pembe ndefu.

Mifupa inathibitisha ufugaji, lakini haithibitishi umbo la pembe, wala haiwezi kumtaja Mchwezi yeyote kwa jina. Hata hivyo inaonyesha kwamba nyika za kusini magharibi mwa Uganda zimekuwa nchi ya ng'ombe kwa karibu miaka elfu moja. Kamwokya ina sehemu yake katika ugunduzi huo. Merrick Posnansky, aliyefukua Bigo mwaka 1960, alikuwa wakati huo ndiye msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1908, ilihamia katika jengo lake la sasa la kilima cha Kitante mwaka 1954.

Mwaka wa sotoka

Ng'ombe wa Ankole aliwahi kukaribia kutoweka hapo awali. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, ukashuka kusini kwa kasi. Ulifika Uganda mnamo mwaka 1890, na kufikia mwaka 1896 ulikuwa umevuka mto Zambezi. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki ng'ombe tisa kati ya kila kumi walikufa. Watu waliotegemea maziwa walikufa kwa njaa, na wengine walilazimika kushika jembe kwa mara ya kwanza.

Makundi yaliyopo leo yamejengwa upya kutokana na masalia ya janga hilo. Ugonjwa wenyewe ulishindwa kwa chanjo, hasa ile iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka. Funzo lililobaki ni kwamba jamii ya ng'ombe inaweza kupotea ndani ya miaka michache, na kwamba kuirudisha ni kazi ya vizazi.

Ng'ombe katika maisha ya watu

Kwa Wahima, ng'ombe hakuwa mali pekee. Alikuwa lugha. Kila ng'ombe alikuwa na jina lililotokana na rangi na umbo lake. Rangi nyekundu iliyokolea, iitwayo bihogo, ilipendwa kuliko zote, na kahawia hafifu iliitwa gaaju. Kulikuwa na koo ambazo mwiko wao ulihusu ng'ombe wa rangi fulani, ambaye mtu wa ukoo huo hakuruhusiwa kunywa maziwa yake. Wanaume walitunga ebyevugo, majigambo ya ushujaa, na pia ebirahiro, tungo za kuwasifu ng'ombe. Mahari, iitwayo enjugano, ilihesabiwa kwa ng'ombe, na urafiki uliimarishwa kwa kupeana ng'ombe.

Maziwa yalikuwa na adabu zake. Yalikamuliwa katika ekyanzi, chombo cha mti kilichochongwa na kufukizwa moshi ili kiwe safi na chenye harufu nzuri, kikafunikwa kwa kifuniko cha ukili kilichochongoka juu. Kutokana na siagi ilipatikana eshabwe, kitoweo cheupe cha samli na chumvi ya mawe, ambacho hadi leo huandaliwa katika sherehe za watu wa Ankole, zikiwemo zinazofanyika Kampala.

Hata ufalme ulisimama juu ya ng'ombe. Bagyendanwa, ngoma takatifu ya Nkore, ilikuwa na kundi lake yenyewe, na watu waliipelekea ng'ombe kama sadaka. Ufalme huo ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967, na tofauti na nyingine, haukurejeshwa mwaka 1993.

Majirani nao walikuwa na heshima zao. Nchini Rwanda, wafalme walifuga Inyambo, ng'ombe waliochaguliwa kwa urefu wa pembe na kufundishwa kutembea kwa madaha katika sherehe. Baadhi yao hufugwa hadi leo kwenye makumbusho ya ikulu ya kale huko Nyanza, ambako watunzaji huwaimbia. Katika ufalme wa Karagwe, ambao sasa umo Tanzania, miongoni mwa hazina za mfalme kulikuwa na sanamu za ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, zilizofuliwa na wahunzi wa huko.

Hesabu ya damu

Kwa nini basi ng'ombe aliyeheshimiwa hivyo awe hatarini? Jibu liko kwenye ndoo ya maziwa. Ng'ombe wa Friesian, mwenye asili ya Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, akilishwa na kutunzwa vizuri hutoa maziwa mara nyingi zaidi ya wa Ankole. Mfugaji mwenye ada za shule za kulipa, ardhi iliyozungushiwa uzio na soko la maziwa lililo wazi haihitaji kushawishiwa sana. Katika miongo iliyofuata uhuru wa mwaka 1962, nyika za pamoja ziligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi, na safari ndefu za kufuata malisho, ambazo ndizo zilizompa ng'ombe wa Ankole faida yake, zikapungua. Sehemu nyingine ya malisho ya zamani iliingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo mwaka 1983.

Mabadiliko hayaji kwa kuchinja majike wa Ankole. Huja kwa fahali au kwa mrija wa uhimilishaji. Jike wa Ankole akipandishwa na Friesian, ndama ni nusu kwa nusu. Ndama huyo akikua na kupandishwa tena na Friesian, anayezaliwa ana robo tu ya damu ya Ankole. Kizazi kinachofuata kina thumuni. Kwa kuwa mtamba wa aina hii huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu hivi, kundi zima linaweza kubadilika ndani ya muda usiozidi miaka 15, pembe zikifupika kizazi hadi kizazi. Hakuna siku moja ambayo mfugaji anaweza kusema kwamba ndipo alipompoteza ng'ombe wa baba yake.

Ndiyo maana idadi peke yake inaweza kudanganya. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu ng'ombe milioni 11.4 nchini Uganda, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa wa asili, wakiwemo wa Ankole. Hatari haiko katika uchache wa vichwa. Iko katika kasi ya kuchanganywa, hasa kwenye wilaya zilezile za kusini magharibi zilizokuwa kitovu chake.

Onyo la mwaka 2007

Mwezi Septemba 2007, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Interlaken, nchini Uswisi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba aina za mifugo duniani zilikuwa zikitoweka kwa wastani wa moja kila mwezi. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, walimtaja ng'ombe wa Ankole kama mfano wa karibu, wakionya kwamba angeweza kutoweka ndani ya miongo michache. Walieleza pia kilichotokea wakati wa ukame nchini Uganda. Wafugaji waliobaki na ng'ombe wa Ankole waliweza kuwatembeza hadi kwenye maji ya mbali. Wenzao waliokuwa wamebadilisha makundi yote kuwa ya kigeni walipoteza ng'ombe wao wote.

Mfano huo unaeleza kiini cha suala lenyewe. Katika mwaka wa mvua, Friesian ni faida. Katika mwaka wa kiangazi kikali, ni deni. Na kwa kuwa hali ya hewa inazidi kutotabirika, vinasaba vya ng'ombe anayestahimili kiu na joto ni akiba ambayo hakuna maabara inayoweza kuitengeneza upya ikishapotea.

Wanaomhifadhi

Uganda ilitunga Sheria ya Uzalishaji wa Mifugo mwaka 2001, na chini yake kikaundwa kituo cha taifa cha rasilimali za vinasaba vya wanyama, chenye makao Entebbe. Kituo hicho husambaza mbegu za uhimilishaji na kusimamia mashamba ya serikali, likiwemo la Nshaara wilayani Kiruhura, ambako hufugwa ng'ombe wa Ankole. Rais Yoweri Museveni, ambaye ni mzaliwa wa eneo hilo, anajulikana kwa makundi yake ya ng'ombe wa pembe ndefu huko Rwakitura na Kisozi.

Ni kwa Museveni ambako Cyril Ramaphosa, rais wa sasa wa Afrika Kusini, aliwaona na kuwapenda ng'ombe hao mwaka 2004. Kwa kuwa sheria za afya ya mifugo za nchi yake zilizuia kuingizwa kwa ng'ombe hai, njia iliyopatikana ilikuwa ya kusafirisha viinitete kupitia Kenya. Mwaka 2017 alichapisha kitabu kuhusu ng'ombe hao kikiwa na picha za Daniel Naudé. Nchini Marekani, ambako walifika wakiwa wanyama wa maonyesho kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wafugaji wao wana daftari rasmi la usajili tangu mwaka 1983.

Hata hivyo, ng'ombe aliyehifadhiwa Limpopo au Texas kwa ajili ya uzuri wake ataendelea kuwa na pembe, si lazima aendelee kuwa na ustahimilivu. Ule ulitokana na kiangazi, kupe na safari ndefu za nchi hii. Hubaki hai pale tu ng'ombe anapoendelea kuishi katika mazingira hayo, mikononi mwa watu wanaomtegemea.

Njia ya katikati

Baadhi ya wafugaji wa Kiruhura na wilaya jirani wameshapata jibu lao bila kungoja mtaalamu. Wanafuga makundi mawili yaliyotengwa: machotara kwa ajili ya maziwa ya kuuza, na Ankole halisi kwa ajili ya nyama, mahari, heshima na tahadhari ya miaka mibaya. Wengine huzalisha chotara wa kizazi cha kwanza pekee, ambaye huunganisha maziwa ya kutosha na sehemu ya uvumilivu wa mama yake. Mpango huo una sharti moja: ili chotara wa kwanza apatikane kila mwaka, lazima majike halisi wa Ankole waendelee kuwepo. Anayewamaliza majike hao hukata mti unaompa kivuli.

Njia hiyo ina gharama. Inahitaji ardhi ya kutosha, uzio wa kutenganisha makundi, na mafahali wazuri wa Ankole ambao bei yao inamfaa mfugaji wa kawaida, si matajiri peke yao. Inahitaji pia soko linalolipa zaidi kwa nyama na samli ya ng'ombe wa asili, jambo ambalo liko mikononi mwa walaji wa mjini. Kampala ndilo soko kubwa kuliko yote nchini. Mfugaji wa Kiruhura huamua ng'ombe wa kufuga kwa kutazama kile ambacho watu wa Kamwokya, Nakawa au Kawempe wako tayari kununua.